Mshona Magodoro Aliyenunua Hoteli

Mwanafunzi wa Msambweni akitaja hoteli siku hizi, aghalabu humaanisha majumba ya Diani, wala si mkahawa wa chai na mahamri. Wachache wanamjua Abraham Block, ilhali kampuni yenye jina lake ilifika hadi ufuo huo wa Diani katika miaka ya 1990, yeye akiwa kaburini zamani.

Block, Myahudi aliyezaliwa Lithuania mwaka 1883, alipitia Afrika Kusini na kuwasili Kenya mwaka 1903. Nairobi ilikuwa na wageni wengi na malazi duni. Akatafuta kitambaa, akakijaza majani makavu, akashona magodoro, akauza. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa Desemba 1904; mwaka 1927 akainunua, na mwaka 1947 akaongeza New Stanley. Nionavyo mimi, ubora wa kazi yake ulitokana na hilo: aliijua hoteli kuanzia kitandani, si kuanzia barazani.

Baraza lenyewe lina habari yake, ambayo wanaomsifu huiruka. Machi 1922, walowezi waliokuwa hapo Norfolk walishiriki kuwafyatulia risasi waandamanaji waliodai Harry Thuku aachiliwe. Nyumba aliyoinunua Block miaka 5 baadaye ilimjua Mwafrika kama mtumishi tu, na yeye aliiendesha hivyo kwa miongo kadhaa. Wala sijaona simulizi inayowataja kwa majina waliokata majani ya magodoro yale.

Alifariki mwaka 1965, miaka 2 baada ya uhuru, Mwafrika akiwa sasa anaweza kulala Norfolk kama mgeni.