Bach: Fundi wa muziki wa ibada aliyezozana na waajiri wake hadi kufa

MIVUTANO kati ya kwaya na wazee wa kanisa si jambo geni. Mwalimu wa kwaya hudai waimbaji na ala zaidi, nao wazee hudai nidhamu na gharama ndogo. Johann Sebastian Bach, anayehesabiwa miongoni mwa watunzi wakuu wa muziki duniani, aliishi katika mivutano ya aina hiyo kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

Bach alizaliwa Machi 1685 mjini Eisenach, Ujerumani, katika ukoo ambao muziki ulikuwa kazi ya kurithi. Mamake alifariki mwaka wa 1694, na mwaka uliofuata babake naye akaaga dunia kabla ya mtoto huyo kutimiza miaka kumi. Alilelewa na kakake mkubwa, Johann Christoph, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa mjini Ohrdruf.

Mnamo 1703, akiwa na umri wa miaka 18, aliajiriwa kupiga kinanda katika kanisa moja la mji wa Arnstadt. Miaka miwili baadaye aliomba likizo ya wiki nne, akasafiri kwa miguu zaidi ya kilomita 400 hadi Lübeck kumsikiliza Dieterich Buxtehude, bingwa wa kinanda wa enzi hizo. Alirejea baada ya takriban miezi minne.

Wakuu wa kanisa walimtaka ajieleze. Mbali na kuchelewa, alilaumiwa kwa kuzitia tenzi manjonjo yaliyowatatiza waumini waliokuwa wakijaribu kuimba. Aidha, alikuwa amekataa kushirikiana na kwaya ya wanafunzi.

Lawama hiyo iligusa swali linalokabili kila kanisa. Je, muziki wa ibada ni wa kuwasaidia waumini waimbe, au ni wa kudhihirisha ustadi wa fundi?

Kutoka Arnstadt, Bach alihamia Mühlhausen mnamo 1707, kisha Weimar mwaka uliofuata. Alipotaka kuondoka Weimar mnamo 1717, mtawala wake alikasirika akamtia kizuizini kwa karibu mwezi mzima. Hatimaye alikwenda Köthen, ambako ibada za mtawala hazikuhitaji muziki mwingi. Huko alimpoteza mkewe Maria Barbara mnamo 1720, akamwoa mwimbaji Anna Magdalena mwaka uliofuata. Wake hao wawili walimzalia watoto 20, lakini ni 10 tu waliofikia utu uzima.

Mnamo 1723 aliajiriwa na baraza la mji wa Leipzig kusimamia muziki wa makanisa manne na kuwafunza uimbaji wavulana wa shule ya Mtakatifu Thomas. Hakuwa chaguo la kwanza. Georg Philipp Telemann alikuwa ameikataa kazi hiyo, naye Christoph Graupner hakuruhusiwa na mwajiri wake kuondoka.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Karibu kila Jumapili ilihitaji kantata, yaani utungo wa waimbaji na wapigaji ala uliofafanua somo la siku hiyo kwa muda wa kama dakika 20 au zaidi. Katika miaka ya kwanza, Bach aliandika kantata mpya takriban kila wiki. Wanafunzi na watu wa nyumbani mwake walinakili karatasi za waimbaji, mazoezi yakafanywa, na Jumapili asubuhi wavulana wakasimama kuimba.

Hapo ndipo alipolijibu lile swali la Arnstadt. Kuanzia Juni 1724, kwa miezi kadhaa, alizijenga kantata zake juu ya tenzi ambazo waumini walizifahamu tangu utotoni. Sauti za fidla na tarumbeta zilizunguka pande zote, lakini kiini kilibaki wimbo wa watu wa kawaida. Mmoja wa nyimbo alizozitumia katika kantata zake, ule wa Martin Luther kuhusu Mungu aliye ngome, huimbwa na Walutheri wa Afrika Mashariki kwa Kiswahili hadi leo.

Waajiri wake hawakuridhika. Walinung'unika kwamba alipuuza ufundishaji, na malalamishi hayo hayakukosa msingi. Naye, mnamo Agosti 1730, aliliandikia baraza waraka mkali kuhusu hali ya muziki wa kanisa. Kati ya wanafunzi waliokuwapo, aliwahesabu 17 waliofaa kuimba, 20 waliohitaji mafunzo zaidi na 17 wasiofaa kabisa. Wapigaji ala waliolipwa na mji walikuwa wanane pekee.

Mnamo Juni 1749, Bach akiwa angali hai na afya yake ikiwa imedhoofika, baraza lilimsikiliza mwanamuziki aliyetarajiwa kumrithi. Mwaka uliofuata alipasuliwa macho mara mbili bila mafanikio, akafariki Julai 28, 1750. Alizikwa katika kaburi lisilo na alama. Mjane wake alifariki mnamo 1760 akitegemea sadaka.

Mnamo 1829, Felix Mendelssohn, kijana wa miaka 20, aliongoza mjini Berlin utungo wa Bach kuhusu mateso ya Yesu katika Injili ya Mathayo, nao ulimwengu ukaanza kumtambua upya. Mifupa inayoaminika kuwa yake ilifukuliwa mnamo 1894, na tangu 1950 imehifadhiwa katika kanisa la Mtakatifu Thomas.

Takriban kantata 200 alizoandikia makanisa zimesalia hadi leo. Nyingi kati yazo zilitungwa kwa haraka, kwa ajili ya Jumapili moja tu, ili wavulana wachache waziimbe mbele ya waumini waliokuja kusali.