Habari za Max Weber, Mchunguzi wa Neno "Wito"

Mwaka 1505 katika mji wa Erfurt, nchi ya Ujerumani, kijana mmoja mwanafunzi wa sheria aliyaacha masomo yake, akabisha mlango wa nyumba ya watawa. Huyo ndiye Martin Luther, nasi sote twazijua habari zake. Lakini huenda wengi wetu hawajasikia ya kuwa katika mji uo huo, tarehe 21 Aprili 1864, alizaliwa mtoto mwingine, ambaye alipokuwa mtu mzima alilichunguza neno moja la Luther kwa miaka mingi. Jina lake ni Max Weber. Hakuwa mchungaji wala mwalimu wa dini. Alikuwa mtaalamu wa elimu ya jamii, yaani elimu ichunguzayo jinsi watu wakaavyo pamoja, na mambo yawaunganishayo au yawatengayo. Yafaa tuzijue habari zake, maana maswali aliyoyauliza yametufikia na sisi.

Baba yake alikuwa mwanasheria na mtu wa siasa, akaketi katika baraza la kutunga sheria huko Berlin. Alipenda heshima na maisha ya starehe. Mama yake, Helene, alikuwa mcha Mungu mwenye huruma kwa maskini, naye aliona uchungu kwa kuwa mumewe hakushiriki naye mambo hayo. Max alikuwa mzaliwa wa kwanza. Basi tangu utoto aliiona nyumba moja yenye mioyo miwili. Alipokwenda kusoma sheria huko Heidelberg mwaka 1882, aliufuata kwanza mwendo wa baba: akaingia katika chama cha wanafunzi, akanywa bia nyingi, akapigana kwa upanga kama ilivyokuwa desturi yao. Hata aliporudi nyumbani na kovu usoni, mama yake akampiga kofi.

Walakini alikuwa na akili nyingi na bidii ya ajabu. Mwaka 1889 akapata cheo cha udaktari wa sheria. Baadaye akaanza kuchunguza hali ya vibarua wa mashambani, upande wa mashariki wa mto Elbe. Uchunguzi wa kwanza ulikuwa umewauliza wenye mashamba peke yao. Kwa hiyo Weber, pamoja na mchungaji mmoja jina lake Paul Göhre, akawapelekea wachungaji wa vijijini barua za maswali juu ya ujira wa vibarua na maisha yao. Hivyo watumishi wa Kanisa walisaidia katika kazi zake za kwanza.

Mwaka 1893 akamwoa Marianne Schnitger, mwanamke mwenye elimu. Mwaka uliofuata akawa profesa huko Freiburg, kisha akaitwa Heidelberg. Haifai tufiche makosa yake. Mwaka 1895 alitoa hotuba akitaka taifa lake liwe na nguvu duniani, na vibarua wa Kipolandi wafungiwe mpaka wasiingie. Siku zile aliwapima watu kwa taifa lao.

Kisha msiba ukampata. Mwaka 1897 wazazi wake walikuja kumtembelea Heidelberg, naye akagombana vikali na baba yake kwa sababu ya jinsi alivyomtawala mama. Baba akaondoka bila kupatana na mwanawe. Majuma machache yakapita, akafa safarini, katika mji wa Riga. Tangu hapo nguvu za Weber zikavunjika. Yeye aliyezoea kufanya kazi usiku kucha hakuweza tena kulala, wala kusoma, wala kusimama mbele ya wanafunzi wake. Akazunguka huku na huku akitafuta afya, hata mwaka 1903 akajiuzulu kazi ya uprofesa.

Mtu huyu aliyeangushwa na kazi ndiye aliyeanza kuuliza: Kwa nini watu wa zama zetu wafanya kazi kana kwamba kazi ni ibada? Jibu lake alilitoa katika maandiko mawili, la kwanza mwaka 1904, la pili mwaka 1905, juu ya maadili ya Kiprotestanti na roho ya ubepari. Alieleza ya kuwa zamani watu walipotaja wito wa Mungu waliwafikiria hasa mapadre na watawa. Lakini Luther, alipokifasiri kitabu cha Yoshua bin Sira mlango wa 11, alilitumia neno la wito kwa kazi ya kila siku. Tangu hapo fundi wa viatu, mkulima na mjakazi waliweza kusema ya kuwa Mungu amewaita hapo walipo. Weber aliona ya kuwa neno hili moja liliibadili dunia.

Akaendelea kueleza habari za wafuasi wa Calvin. Hao waliamini ya kuwa Mungu amekwisha kuwachagua wale watakaookolewa, nao wakatamani kujua kama wamo katika hesabu hiyo. Wakatafuta uthabiti katika kazi ya bidii na maisha ya kiasi. Walipata fedha, lakini hawakujiruhusu kuzitapanya kwa anasa. Basi wakazirudisha katika biashara, na mtaji ukakua. Hata wajukuu wao walipokwisha kuiacha imani, bidii ile ilibaki, kwa kuwa sasa biashara yenyewe iliwalazimisha. Wataalamu wengi wamempinga. Wamekumbusha ya kuwa Italia ilikuwa na mabenki makubwa kabla ya Luther, na ya kuwa Jakob Fugger wa Augsburg, tajiri mkuu wa siku za Luther, alikuwa Mkatoliki. Weber naye hakusema ya kuwa imani peke yake iliuzaa ubepari. Alisema tu ya kuwa imani yaweza kugeuza mambo ya dunia, hata yale ambayo waumini hawakuyakusudia.

Kati ya maandiko hayo mawili alisafiri mpaka Marekani, mwaka 1904. Alifika Tuskegee, shule iliyoongozwa na Booker T. Washington, aliyezaliwa utumwani, akaona jinsi wanafunzi weusi walivyojifunza kazi za mikono pamoja na elimu. Tena alikutana na W. E. B. Du Bois, mtaalamu Mwafrika wa Marekani, na baadaye akachapisha maandiko yake katika jarida lake. Mwaka 1910, katika mkutano wa wataalamu huko Frankfurt, mtu mmoja alipotetea ubora wa damu na rangi, Weber alisimama kumpinga, akamtaja Du Bois kuwa ushahidi. Twaona ya kuwa mtu aliyekosea aliweza kujifunza.

Jambo moja la safari ile yawapasa waalimu wa wabatizwa walitafakari. Jumapili moja ya Oktoba, karibu na Mount Airy katika North Carolina, jamaa za mama yake walimpeleka kuona ubatizo wa Wabaptisti. Maji ya bwawa yalikuwa baridi sana. Miongoni mwa wabatizwa alikuwako kijana ambaye jamaa yake Weber alikuwa ametabiri ya kuwa atabatizwa, kwa sababu ataka kufungua benki mjini. Weber akashangaa, akataka kujua sababu. Akaambiwa ya kuwa usharika huchunguza sana mwenendo wa mtu kabla ya kumpokea. Kwa hiyo aliyebatizwa huaminiwa na watu wote wa pande zile, nao humletea fedha zao. Weber hakucheka. Alijifunza ya kuwa ushuhuda wa usharika una nguvu kubwa katika jamii, na ya kuwa nguvu hiyo yaweza kutafutwa kwa ajili ya faida.

Baadaye aliandika juu ya dini za China na Uhindi, na juu ya Israeli ya kale. Mwaka 1917 huko München aliwahutubia wanafunzi juu ya kazi ya elimu, akiiita kwa neno lile lile la Luther, yaani wito. Aliwaeleza ya kuwa watu wa sasa wasadiki kwamba kila jambo laweza kuhesabiwa na kujulikana, hata dunia imeondokewa na siri zake. Tena kila mtu sasa hana budi kujichagulia atakachokitumikia. Yeye mwenyewe alikuwa amekiri katika barua ya mwaka 1909 ya kuwa hana sikio la dini, kama vile wengine wasivyo na sikio la muziki. Walakini hakuwa adui wa dini. Akafa kwa ugonjwa wa mapafu huko München, tarehe 14 Juni 1920, mwenye umri wa miaka 56. Marianne akazikusanya karatasi zake na kuzichapisha, kisha akaandika maisha yake mwaka 1926.

Baada yake wataalamu wengi walidhani ya kuwa dini itakwisha kadiri elimu na viwanda vinavyoenea. Mmoja wao alikuwa Peter Berger, Mlutheri aliyezaliwa Vienna mwaka 1929 na kufanya kazi Marekani. Lakini mwaka 1999 alikiri waziwazi ya kuwa walikosea, maana sehemu kubwa ya dunia ingali na dini kama zamani. Katika Ulaya makanisa mengi yamebaki na watu wachache, bali Kanisa la Tanzania na lile la Ethiopia ni miongoni mwa makanisa makubwa kabisa ya Kilutheri duniani. Walakini tusijisifu. Kijana wa mjini leo asikia katika simu yake mahubiri ya nchi nyingi, naye huchagua kama achaguaye nguo sokoni. Na yule mtu wa bwawani ajapo kwetu kuomba ubatizo au cheti, aja kwa sababu gani?

Hatumhukumu Max Weber. Hukumu ni ya Mungu. Alieleza vizuri kuliko wengi jinsi neno la wito lilivyoingia shambani na karakanani. Lakini pasipo yeye aitaye, wito hubaki kuwa kazi tu, na kazi haina neno la msamaha kwa mwana ambaye baba yake alikufa bila kupatana naye. Luther alilipata neno hilo kwanza, kisha akaifikiria kazi. Nasi tunapowafundisha vijana wetu bidii, tuufuate utaratibu huo.