Alan Turing: Aliyetaka kila hatua ya kompyuta ikaguliwe

Machi 1940 ni mwezi unaokumbukwa Mwadui. Tarehe 6 ya mwezi huo mwanajiolojia kutoka Canada, John Williamson, aligundua almasi katika eneo ambalo leo lipo wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga. Mwezi huohuo nchini Uingereza, katika jumba la Bletchley Park kaskazini mwa London, ilifungwa mashine kubwa yenye magurudumu mengi. Kazi yake ilikuwa kujaribu funguo za siri za jeshi la Ujerumani na kuzikataa zile zisizowezekana.

Aliyeibuni mashine hiyo ni Alan Turing, wakati huo kijana wa miaka 27.

Wengi wanamfahamu Turing kwa kazi ya vita. Makala hii inamtazama zaidi kwa jambo lisilosemwa sana: alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuuliza tutajuaje kwamba programu ya kompyuta inafanya kile ambacho mtungaji wake anadhani inafanya. Swali hilo halikubaki Uingereza. Mkulima wa pamba anayelipwa kwa simu Kishapu na mchimbaji mdogo anayepima dhahabu yake kwenye mzani wa kielektroniki Geita wote wanategemea programu wasizoziona.

Utoto mbali na wazazi

Alan Mathison Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake, Julius, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni nchini India. Wazazi walisafiri kati ya nchi hizo mbili, na kwa miaka mingi Alan na kaka yake John walilelewa na familia nyingine katika mji wa pwani kusini mwa Uingereza.

Mwaka 1926 alipotakiwa kuanza shule ya bweni ya Sherborne, Uingereza ilikuwa katika mgomo mkuu na treni hazikutembea. Mvulana huyo wa miaka 13 alipanda baiskeli na kusafiri karibu kilomita 100 ili asichelewe.

Shuleni alipata rafiki aliyependa sayansi kama yeye, Christopher Morcom. Februari 1930 Morcom alifariki kwa kifua kikuu. Msiba huo ulimuumiza sana Turing, na waliomfahamu waliona kwamba tangu hapo alizama zaidi katika masomo. Mwaka 1931 aliingia Chuo cha King's, Cambridge, kusoma hisabati.

Jambo ambalo hakuna mashine inayoliweza

Mwaka 1936, kabla ya kuwapo kompyuta kama tunazozijua, Turing aliandika makala iliyoeleza mashine ya kufikirika inayofuata maelekezo hatua kwa hatua. Kwa mashine hiyo alionyesha kitu kilichowashangaza wanahisabati. Yapo maswali ambayo hakuna mashine itakayoweza kuyajibu, hata ipewe muda kiasi gani.

Mojawapo ya maswali yanayotokana na kazi hiyo ni hili: je, inawezekana kutengeneza programu moja inayoweza kuiangalia programu nyingine yoyote na kusema kila mara, bila kukosea, kama itafika mwisho au itazunguka milele? Jibu ni hapana. Maana yake kwa wakaguzi wa programu ni nzito. Hakuna chombo kimoja kitakachozikagua programu zote na kutoa uhakika kamili. Ukaguzi utabaki kuwa kazi ya kufikiri.

Mashine ya kukataa

Turing alijiunga na Bletchley Park Septemba 1939, vita vilipoanza. Wajerumani walificha ujumbe wao kwa mashine iitwayo Enigma, ambayo funguo zake zilikuwa nyingi mno kwa binadamu kuzijaribu kwa mkono. Wanahisabati wa Poland, Marian Rejewski na wenzake, walikuwa wametangulia kuivunja na kuwapa Waingereza maarifa yao. Turing alibuni mashine mpya, na mwenzake Gordon Welchman akaiboresha.

Mashine hiyo haikuthibitisha kwamba ufunguo fulani ni sahihi. Ilichukua maneno yaliyokisiwa kuwamo kwenye ujumbe, kwa mfano taarifa ya hali ya hewa, ikatafuta mgongano. Ufunguo uliogongana na kisio ulitupwa. Zile chache zilizobaki zilikaguliwa tena na watu. Wajaribu wa programu wa leo wanalifahamu somo hilo. Jaribio linaweza kuonyesha kwamba kuna kosa. Likipita, halijathibitisha kwamba makosa yamekwisha.

Hotuba fupi ya Juni 1949

Baada ya vita Turing alichora mpango wa kompyuta katika Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza, kisha mwaka 1948 akahamia Chuo Kikuu cha Manchester. Tarehe 24 Juni 1949, siku moja baada ya kutimiza miaka 37, alisimama mbele ya mkutano wa wataalamu wa kompyuta mjini Cambridge. Mada yake ilikuwa namna ya kukagua programu kubwa.

Alitumia mfano wa hesabu ya kujumlisha. Mtu akikupa namba ndefu zilizopangwa pamoja na jumla ya mwisho tu, huna budi kuirudia hesabu yote. Lakini akiandika pia namba alizobeba kutoka safu moja kwenda nyingine, kila safu inaweza kukaguliwa peke yake, hata na watu tofauti. Hivyo, akasema Turing, mtunga programu aandike katika sehemu mbalimbali za programu ni jambo gani linapaswa kuwa kweli likifika hapo. Mkaguzi ataangalia kila dai dogo, na yakikamilika yote, usahihi wa programu nzima utafuata.

Makala ya hotuba hiyo ilikuwa ya kurasa chache tu, na haikusomwa sana. Watafiti wawili waliichapisha upya mwaka 1984 pamoja na maelezo, wakakuta chapa ya awali ina makosa kadhaa ya uchapaji. Makala ya kufundisha kukamata makosa ilikuwa imepita na makosa yake.

Jiwe la mzani

Leo watunga programu wana desturi iliyo jirani na wazo hilo: majaribio ya vipande. Fikiria mzani wa kununulia pamba. Mkaguzi haishii kuutazama chuma chake. Anaweka jiwe la kilo 20 na kuangalia kama mzani utasoma 20. Programu nayo hukaguliwa vivyo hivyo. Kila sehemu ndogo, mfano ile inayokokotoa makato ya muamala, hupewa namba ambazo jibu lake linajulikana mapema, kisha majibu yanalinganishwa. Kompyuta yenyewe hurudia majaribio hayo kila programu inapobadilishwa, hata kama ni maelfu.

Lakini nani anaukagua ukaguzi? Njia mojawapo iliyozoeleka ni kuhesabu mistari ya programu iliyopitiwa na majaribio. Kasoro yake ni kwamba jaribio linaweza kupita kila mstari bila kulinganisha jibu lolote, kama mkaguzi anayeweka jiwe kwenye mzani na kuondoka bila kusoma.

Mwaka 1978 watafiti watatu nchini Marekani, Richard DeMillo, Richard Lipton na Frederick Sayward, walichapisha njia kali zaidi. Iharibu programu kidogo kwa makusudi, kwa mfano badilisha alama ya kujumlisha iwe ya kutoa, kisha endesha majaribio. Yakisema mambo ni shwari, basi majaribio hayo ni dhaifu.

Watu wanaofanya kazi kwenye mitambo ya almasi wataielewa haraka njia hii. Katika migodi ya almasi huchanganywa kwenye mchanga vipande vya plastiki vya rangi, vilivyotengenezwa viwe na uzito sawa na wa almasi ya ukubwa huohuo. Kisha huhesabiwa ni vingapi vimetokea upande wa almasi. Vikipotea, wanajua na almasi zinapotea.

Sasa zipo pia programu zinazotunga majaribio zenyewe, kwa wingi na kwa haraka. Hapo watafiti wanaona hatari nyingine. Chombo kisichojua kusudi la programu huchukua jibu linalotolewa leo na kuliandika kuwa ndilo sahihi. Kama mzani ulikuwa umepunjwa tangu mwanzo, majaribio hayo yataulinda upunjaji wenyewe. Ndiyo maana dai la Turing lina uzito: anayejua programu imekusudiwa nini lazima aseme kila hatua inapaswa kuleta nini.

Uingereza yenyewe ilijifunza kwa uchungu. Kuanzia mwaka 1999 hadi 2015 zaidi ya wasimamizi 900 wa ofisi ndogo za posta walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, kwa kutegemea hesabu za mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, ambao ulikuwa na hitilafu. Wapo waliofungwa na waliofilisika. Mahakama ziliichukulia kompyuta kuwa inafanya kazi sawasawa, na mshitakiwa ndiye aliyebebeshwa mzigo wa kuonyesha vinginevyo. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa pamoja.

Hukumu na kifo

Turing naye alipita mahakamani. Mwaka 1952 alihukumiwa kwa uhusiano na mwanamume mwingine, jambo ambalo wakati huo lilikuwa kosa la jinai Uingereza. Alipewa chaguo kati ya kifungo na matibabu ya homoni, akachagua homoni. Aliondolewa pia ruhusa ya kufanya kazi za siri za serikali, nchi ileile aliyoitumikia vitani.

Tarehe 7 Juni 1954 alifariki nyumbani kwake Wilmslow kwa sumu ya sianidi, kemikali ambayo wachenjuaji wa dhahabu wa Geita wanaijua vizuri. Alikuwa na miaka 41. Uchunguzi rasmi uliamua kwamba alijiua, ingawa mama yake aliamini ilikuwa ajali. Kazi yake ya vita ilibaki siri kwa miaka mingi baada ya hapo.

Mwaka 2009 Waziri Mkuu Gordon Brown aliomba radhi kwa niaba ya serikali, na Desemba 2013 Turing akapewa msamaha wa kifalme. Tangu Juni 2021 sura yake ipo kwenye noti ya pauni 50.

Hakuishi kuona simu ikibeba mshahara wa mtu. Lakini swali lake la 1949 linafaa kuulizwa kila mfumo mpya unapoletwa, uwe wa benki, wa hospitali au wa mgodi. Mwenye mfumo akisema umejaribiwa, muulize ulijaribiwa kwa jiwe lipi, na nani alisoma mzani.