Mwalimu Nyerere na Sheria Isiyotazama Rangi

SEKENKE, Singida – Dhahabu ya Sekenke, wilayani Iramba, ilianza kuchimbwa wakati wa utawala wa Wajerumani. Mwaka 1916, vita vilipowabana, watawala hao waliitumia kufua sarafu za rupia 15 mjini Tabora. Wakati huo utumwa ulikuwa bado haujapigwa marufuku nchini. Amri ya Wajerumani ilikuwa imewapa uhuru watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya mwaka 1905 tu.

Sheria ya kukomesha utumwa Tanganyika ilipitishwa mwaka 1922, chini ya Waingereza. Mwaka huohuo, Aprili 13, alizaliwa Butiama Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Baba wa Taifa.

Kukoma kwa utumwa hakukuleta usawa. Mwaka 1923 ilitungwa sheria ya mabwana na watumishi wa kienyeji, ambayo kwayo kibarua Mwafrika aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha aliweza kutozwa faini au kufungwa jela. Shule, hospitali na mishahara vilipangwa kwa rangi: Wazungu juu, Waasia katikati, Waafrika chini.

Mwalimu alikulia ndani ya mpangilio huo. Alisoma Tabora, kisha Makerere, na mwaka 1952 akahitimu shahada katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Julai 7, 1954 aliongoza kuanzishwa kwa TANU, na mwaka 1955 akaacha ualimu Pugu ili aitumikie siasa.

Jaribio kubwa lilikuja Januari 1958, katika mkutano wa TANU mjini Tabora. Serikali ya kikoloni ilitaka kila mpiga kura achague wajumbe watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Sheria hiyo iliyapa makundi matatu viti sawa, ilhali Waafrika walikuwa zaidi ya asilimia 95 ya wananchi. Wanachama wengi walitaka kususia. Mwalimu aliwashawishi washiriki, na TANU na wagombea iliowaunga mkono wakashinda. Sheria ya ubaguzi iligeuzwa kuwa njia ya kuuondoa ubaguzi.

Oktoba 1961, uhuru ukiwa umekaribia, muswada wa uraia ulifikishwa bungeni. Baadhi ya wabunge walidai uraia uwe wa Waafrika peke yao. Madai hayo yalitokana na machungu ya kweli, na waliyoyatoa walikuwa wenzake wa chama. Mwalimu aliyakataa hadharani, akaweka wazi kwamba Serikali yake ingejiuzulu endapo muswada ungeshindwa. Kwake, aliyeteswa na sheria ya rangi hakuwa na ruhusa ya kutunga nyingine kwa kubadilisha anayeteswa. Muswada ulipita, na Desemba 9, 1961 Tanganyika ikawa huru ikiwa na uraia usiotegemea rangi. Mfumo wa shule zilizotenganishwa kwa rangi nao ukafutwa.

Januari 1964 alitangaza kwamba raia wote wahesabiwe sawa katika ajira za Serikali, bila Waafrika kupewa upendeleo. Uamuzi huo haukuwapendeza wote, lakini hakuutengua.

Hata hivyo, kazi hiyo haikukamilika kwa siku moja. Katiba ya uhuru haikuwa na sura ya haki za binadamu. Haki hizo ziliingizwa katika Katiba kwa marekebisho ya mwaka 1984, Mwalimu akiwa bado Rais. Aling'atuka mwaka uliofuata, na kufariki dunia jijini London Oktoba 14, 1999.

Leo Ibara ya 13 ya Katiba inatamka kuwa watu wote ni sawa mbele ya sheria, na inakataza ubaguzi. Kwa mchimbaji wa Sekenke, ambaye watangulizi wake walifanya kazi chini ya sheria zilizowatenga, ibara hiyo ni haki anayoweza kuidai mahakamani. Kuilinda ni wajibu wa kila raia.