Khama wa Tatu: chifu aliyevuka bahari kutetea marufuku ya pombe kali

Ukisikia jina Khama, huenda unamkumbuka Seretse Khama, rais wa kwanza wa Botswana. Leo tunamzungumzia babu yake, Khama wa Tatu, chifu wa Wabangwato.

Alibatizwa mwaka 1860 akiwa kijana, na dini hiyo mpya ikamgombanisha na baba yake, Chifu Sekgoma. Alishika uchifu kwa muda mfupi mwaka 1872, akaurudia mwaka 1875, na akabaki nao hadi alipofariki Februari 1923.

Makao yake ya mwanzo yalikuwa Shoshong, mji waliopitia wafanyabiashara wa pembe za ndovu na manyoya ya mbuni. Magari yao ya kukokotwa na ng'ombe yalileta bunduki, nguo na brandi. Khama akapiga marufuku pombe hiyo. Baadhi ya wazungu walidhani sheria ya chifu Mwafrika haiwahusu, wakawa wanaiingiza kwa siri, wanalewa na kupigana. Aliwaonya, wakarudia. Mwisho akawaamuru wafungashe mizigo waondoke, pamoja na waliokuwa wamekaa pale miaka mingi.

Pombe ya mtama ilikuwa habari nyingine. Alijaribu kuizuia nayo, na hapo akagongana na watu wake mwenyewe. Ilipikwa na akina mama nyumbani, kwa nafaka ya shambani kwao, na ndiyo waliyopewa majirani waliokuja kusaidia kulima. Brandi ilikuja kwa barabara, na barabara inalindika. Chungu kilichopo jikoni utakilindaje? Kwangu mimi, hapa alijitafutia ugomvi asioweza kuushinda. Manung'uniko yalikuwa mengi, na pombe ya mtama haikuisha.

Hatari kubwa ilikuja mwaka 1895. Nchi yake ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, na serikali ya huko ilitaka kuikabidhi kwa kampuni ya Cecil Rhodes, iliyokuwa tayari inatawala nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Khama aliona wazi kwamba kampuni ikiingia, ardhi itakwenda na pombe kali itauzwa kama chumvi. Akiwa na umri wa karibu miaka 60, alipanda meli pamoja na machifu wenzake Sebele na Bathoen.

Waziri wa Makoloni, Joseph Chamberlain, aliwaambia wakaelewane na kampuni, kisha akaenda likizo. Wao hawakukaa kumsubiri. Walizunguka mji hadi mji, wakizungumza makanisani na kwenye mikutano ya vyama vilivyopinga ulevi, hadi barua za wananchi zikaanza kumiminika serikalini. Waziri aliporudi, alilegeza msimamo. Novemba mwaka huo ikakubaliwa kwamba machifu wataendelea kutawala watu wao chini ya Malkia Victoria, na pombe kali ya wazungu haitaingizwa kuuzwa katika nchi zao. Nao walitoa kipande cha ardhi kwa ajili ya reli, na wakakubali watu wao walipe kodi.

Khama alizikwa Serowe, mji mkuu wake wa mwisho. Mwaka 2008 kitukuu chake, Rais Ian Khama, aliwawekea wanywaji wa Botswana tozo maalumu ya asilimia 30 kwenye vileo, na saa za kufungua baa zikapunguzwa.