Emoro, mnenguaji mfupi aliyetamba na Empire Bakuba

Emoro hakuwa mwimbaji wala mpiga gitaa, lakini mashabiki wengi wa Empire Bakuba walimkumbuka kama walivyomkumbuka kiongozi wake, Pepe Kalle.

Bendi hiyo ilianzishwa Kinshasa mwaka 1972, Kongo ikiitwa Zaire. Pepe Kalle alikuwa pandikizi la mtu. Emoro alikuwa na kimo cha mtoto. Waliokuja kumcheka walikuta mnenguaji aliyebobea, anayekwenda sambamba na sebene.

Alifariki mwaka 1992 nchini Botswana, akiwa ziarani na bendi. Bakuba iliendelea kuwapandisha jukwaani wanenguaji wafupi, hata baada ya kumzika aliyeufanya ufupi wake kuwa kazi. Pepe Kalle alifariki Novemba 1998.