Dkt. Richard Kandt: daktari wa wagonjwa wa akili aliyeanzisha mji wa Kigali

Ukifika Nyarugenge, jijini Kigali, utaona nyumba ya zamani ambayo leo ni makumbusho. Inajulikana kama Nyumba ya Kandt. Wengi wetu tumewahi kupita Kigali, lakini si wengi wanaojua kwamba mwanzilishi wake alisomea kutibu wagonjwa wa akili.

Richard Kandt alizaliwa tarehe 17 Desemba 1867 huko Posen, mji ambao leo uko Polandi na huitwa Poznań. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Kantorowicz. Baadaye alilibadilisha. Alisomea udaktari katika miji ya Würzburg, Heidelberg na Munich, kisha akafanya kazi katika hospitali za wagonjwa wa akili za Bayreuth na Werneck.

Lakini swali moja lilimvuta mbali na hospitali: mto Nile unaanzia wapi? Mwaka 1897 alikuja Afrika Mashariki, iliyokuwa koloni la Ujerumani. Mwaka 1898, akiwa na wapagazi waliombebea mizigo, alifika msitu wa Nyungwe na kutangaza kwamba mto Rukarara ndio chanzo cha Nile. Wenyeji, bila shaka, waliujua mto wao tangu zamani.

Baadaye alijenga makazi Shangi, kando ya Ziwa Kivu. Alichunguza wanyama, mimea, ziwa na maisha ya watu. Hadi leo kima wa dhahabu wa milima ya Virunga ana jina la Kandt katika sayansi. Safari zake alizieleza katika kitabu chake, Caput Nili.

Mwaka 1907 Ujerumani ilimfanya mwakilishi wake mkuu nchini Rwanda, naye akachagua Kigali kuwa makao yake. Mfalme Yuhi Musinga alibaki Nyanza, na Wajerumani wakatawala kupitia kwake.

Hapo ndipo historia hii inapotugusa. Ujuzi wa wasafiri kama Kandt uliwasaidia watawala kuchora ramani. Mwaka 1910, mjini Brussels, Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza zilikubaliana mipaka. Kisiwa cha Idjwi kikawa upande wa Wabelgiji, Bufumbira ikawa upande wa Waingereza. Ndugu waliokuwa wakitembeleana wakajikuta chini ya serikali tofauti. Hakuna aliyewauliza.

Mwaka 1913 Kandt alikwenda Ujerumani kwa likizo. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, njia ya kurudi ilifungwa. Alihudumu kama daktari wa jeshi, akaathiriwa na gesi ya sumu, na akafariki tarehe 29 Aprili 1918 mjini Nuremberg, akiwa na miaka 50.

Kigali ilikuwa imeshatekwa na Wabelgiji mwaka 1916. Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962, kituo hicho kidogo kilifanywa mji mkuu. Kandt mwenyewe hakuwahi kurudi kukiona tena.